Tumbo Lililovimba na Hukumu ya Macho

Ni mara ngapi mwanamke ameonekana tumbo limetuna, na kabla hajafika kwa tabibu majirani wamekwisha kutoa hukumu? Huyu husema ana mimba, yule husema amerogwa, na wa tatu hunong'ona kuwa ni saratani. Naye mwenyewe, kwa haya, hujifunika buibui lake akanyamaza. Historia ya uvimbe wa maji, yaani mfuko unaoota mwilini ukajaa majimaji, yatufundisha kuwa jicho si hakimu.

Tazama kisa cha Bibi Jane Todd Crawford wa Kentucky, Marekani. Mwaka 1809 tumbo lake lilikua hata ikadhaniwa kuwa amepitisha siku za kujifungua. Daktari Ephraim McDowell alipompima alikuta si mtoto, bali ni uvimbe wa ovari, mahali yanapokaa mayai ya uzazi. Bibi huyo akasafiri juu ya farasi kiasi cha maili 60 mpaka Danville, akapasuliwa mwezi wa Desemba bila dawa ya usingizi, maana dawa hiyo ilikuwa bado haijajulikana. Kilichotolewa kilikuwa na uzito wa ratili 22 na nusu, yaani zaidi ya kilo 10. Akaishi hata mwaka 1842. Basi ukubwa ule wa kutisha haukuwa hukumu ya kifo.

Lakini McDowell hakuwa na njia ya kujua ndani mna nini ila kwa mkono wake na kisu. Njia nyingine ilipatikana Glasgow, Uskoti. Profesa Ian Donald, tabibu wa wanawake, alikuwa ametumikia jeshi la anga katika Vita Kuu vya Pili, akazijua habari za mitambo ya mwangwi. Julai 1955 alipakia garini uvimbe wa namna mbalimbali uliotolewa kwa wagonjwa, akaupeleka Renfrew, kwenye kiwanda ambacho mafundi wake walitafuta nyufa ndani ya chuma kwa sauti isiyosikika na sikio. Akaona tofauti iliyo wazi. Uvimbe wa maji uliipitisha sauti, na mwangwi ukarudi kutoka kwenye kuta zake tu. Uvimbe wa nyama ukaidhoofisha sauti ndani yake.

Baadaye aliletewa mwanamke aliyekwisha kuambiwa kuwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mtambo ukaonyesha mfuko mkubwa wa maji. Akapasuliwa, ukatolewa uvimbe wa ovari usio saratani, naye akapona. Donald, pamoja na daktari John MacVicar na fundi Tom Brown, wakaandika habari za uchunguzi wao katika jarida la Lancet, tarehe 7 Juni 1958. Kipimo hicho ndicho tukiitacho leo altrasaundi.

Je, ukubwa hauna maana? La, una maana, lakini hauhukumu peke yake. Tabibu huuliza pia: Ukuta ni mwembamba au mnene? Ndani mna maji matupu, au mna vizuizi na vinyama? Mwanamke bado anaona siku zake, au zimekatika? Kwa anayeziona, mfuko wa maji matupu usiofika sentimita 5 mara nyingi huondoka wenyewe baada ya miezi michache. Miongozo ya madaktari wa Uingereza hutaka wa sentimita 5 mpaka 7 uangaliwe kila mwaka, na unaozidi 7 uchunguzwe zaidi au utolewe. Kwa ambaye siku zimekatika, hadhari huwa kubwa zaidi. Na mdogo wenye vinyama ndani waweza kumtia tabibu wasiwasi kuliko mkubwa wa maji matupu.

Kwa hiyo, ewe mume, na ewe mama mwenye binti, msingoje tumbo likue ndipo mwende. Na maumivu makali ya ghafla ya chini ya tumbo, yenye kutapika, yapelekwe hospitali saa ile ile, kwani ovari huweza kujisokota. Nasi majirani tuzuie ndimi zetu. Wahenga walisema: usiandikie mate na wino ungalipo. Wino upo, na aliyevimba ni dada yetu.