Posho Iliyopanda Kibo

Mtu asimamaye Marangu alfajiri, kabla ya mawingu kujikusanya, huiona Kibo kana kwamba iko nyuma tu ya migomba ya jirani. Macho humdanganya. Kwa hesabu ya maili, safari kutoka migombani hadi kileleni si ndefu. Mtu mzima mwenye afya angeikamilisha kwa siku mbili kama ingekuwa nchi ya tambarare. Lakini umbali wa mlima huu haukupimwa kamwe kwa maili. Hupimwa kwa siku za kula, kwa kuni, kwa maji, kwa mablanketi, na kwa idadi ya migongo itakayovichukua vitu hivyo. Historia ya kuupanda, ikisomwa vema, ni historia ya hesabu hiyo: ni nani aliyeikosea, ni nani aliyeipata, na ni nani aliyeibeba.

Waliotajwa kwanza kuwa waliikosea walikuwa watu wa mlimani wenyewe. Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848 akiwa katika msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, aliyakuta Uchagani masimulizi ya watu waliotumwa na Mangi Rengua wa Machame wakachunguze kama weupe ule ulikuwa fedha. Inasimuliwa kuwa aliyerudi hai ni mmoja tu, Sabaya, naye alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Si haki kuwacheka watu hao. Ushujaa haukuwapungukia, walivaa mavazi ya migombani wakaenda mahali ambapo vazi la migombani halifai kitu. Huko London, wakati huo, mwanajiografia W. D. Cooley aliyekuwa hajaitia macho Afrika Mashariki alishikilia kuwa theluji hiyo haipo kabisa. Sabaya angeweza kumjibu kwa kumwonyesha vidole vyake.

Wazungu waliofuata walifika juu zaidi kidogo kidogo. Karl Klaus von der Decken alijaribu mwaka 1861, akarudia mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten, wakapita mita 4,000 wakarudi. Charles New aliifikia theluji yenyewe mwaka 1871. Kila mmoja alipanda kama mtu anayevizia: huenda mbio, hugusa, hukimbia kushuka kabla ya baridi na njaa kumkamata.

Hans Meyer, mtoto wa ukoo wa wachapaji vitabu wa Leipzig, naye alianza hivyo hivyo. Mwaka 1887 alipanda mpaka kwenye ukuta wa barafu, asiwe na vyombo vya kuukatia wala nguvu ya kubaki. Mwaka 1888 alikuja tena pamoja na Oscar Baumann, lakini mlima hakuufikia: vita vya Abushiri vilikuwa vimeanza pwani, wote wawili wakakamatwa, wakafunguliwa baada ya fidia kulipwa. Yafaa kukumbuka jambo hili, maana vitabu vingi vya wapandaji hulitaja kama ajali ya njiani. Halikuwa ajali. Watu wa pwani walikuwa wakipigana na Wajerumani waliokuja kuitawala nchi yao, na Mjerumani apitaye na msafara alikuwa sehemu ya habari hiyo, hata kama mizigoni alichukua vipimajoto.

Safari ya mwaka 1889 ilipangwa kwa akili nyingine. Meyer alipita Mombasa na Taveta, mbali na vita, akiwa na Ludwig Purtscheller, mpandaji hodari wa milima kutoka Austria. Mareale, Mangi wa Marangu, aliwapokea na kuwapa ruhusa ya kuweka kambi katika nchi yake. Hapo ndipo lilipofanyika jambo kubwa la safari nzima, nalo halikufanyika juu ya barafu. Kambi kuu iliwekwa Marangu, penye chakula. Kambi ya pili iliwekwa juu ya msitu. Ya tatu, hema dogo tu, ikasimikwa katika uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, kwenye kimo cha mita zaidi ya 4,300. Kisha wapagazi wakapangiwa zamu ya kupanda na kushuka baina ya kambi hizo, kila baada ya siku chache, wakileta chakula na kuni. Wengi walirudi chini usiku usijawakuta katika baridi ile. Mmoja alibaki: Muini Amani wa Pangani, mtu wa joto la bahari, aliyekaa katika uwanda ule akitunza kambi na kupika muda wote wageni wake walipokuwa kwenye miamba.

Thamani ya mpango huo ilionekana tarehe 3 Oktoba. Siku hiyo Meyer na Purtscheller walikata ngazi katika barafu kwa saa nyingi, wakafika ukingoni mwa shimo la Kibo mchana, nguvu zimekwisha, wakaona kwamba kilele chenyewe kiko mbele zaidi. Wakarudi. Kwa von der Decken au kwa Meyer wa mwaka 1887, kurudi kungalikuwa mwisho wa habari. Safari hii walishuka mpaka kwenye hema, wakala, wakapumzika, wakahamishia malazi yao pangoni karibu zaidi na barafu, wakajaribu tena. Tarehe 6 Oktoba 1889 walisimama kileleni.

Sayansi ya leo huongeza sababu ambayo hawakuijua kwa ukamilifu. Kileleni, kwenye mita 5,895, hewa ina takriban nusu tu ya uzito ilio nao pwani, na mwili huhitaji siku kadhaa za kujizoeza kabla ya kuivumilia. Siku zile zilizopita katika uwanda, kwa mpandaji mwenye haraka zingeonekana kupotea bure. Kumbe ndizo zilizokuwa zikiujenga mwili wake. Na siku hizo zilinunuliwa kwa posho, na posho ilipanda kwa miguu ya watu.

Juu ya majina, historia imekuwa na upendeleo wake. Meyer alikiita kilele kwa jina la Kaizari Wilhelm. Kikalichukua jina hilo mpaka Tanganyika ilipopata uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge hapo, na kilele kikawa Uhuru. Vibanda vya njia ya Marangu vilivyobeba majina ya Bismarck na Peters vikageuzwa Mandara na Horombo, majina ya wenye nchi. Wapagazi walingoja zaidi. Muini Amani angalau yumo katika kitabu cha Meyer. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa mwaka 1989, katika sherehe za miaka mia, kuwa miongoni mwa walioiongoza safari ile. Alikuwa mzee sana, akafariki mwaka 1996.

Hesabu ya Meyer ndiyo ingali inatumika, ingawa wengi waipangao hawajui ni yake na ya watu wake. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1973 hairuhusu mtu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Kwa njia ya Marangu hulala Mandara, mita 2,700. Horombo, mita 3,720. Kisha Kibo, mita 4,700, na kuondoka hapo karibu na usiku wa manane ili changarawe iwe bado imegandishwa na baridi, na jua limkute mtu ukingoni. Mwenye busara huongeza siku ya pili Horombo. Siku hiyo haina mandhari ya kusimuliwa nyumbani, wala haimsogezi mtu hata hatua moja kuelekea kileleni. Kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa na anayetaka kupunguza gharama, na ndiyo iliyostahili kukatwa mwisho kuliko zote.

Mpagazi wa misafara ya zamani alizoea mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Leo kanuni imeweka mpaka wa kilo 20, na mizani iko langoni. Wageni wawili huweza kufuatana na watu wanane au zaidi: mwongozaji, msaidizi wake, mpishi na wapagazi, ambao katika lugha ya mlimani huitwa wagumu. Penye kibanda cha Kibo hakuna chemchemi. Maji ya chai atakayokunywa mgeni kabla ya kuondoka usiku yamechotwa chini, kwenye kijito cha mwisho, yakapandishwa uwandani alasiri ileile, karibu na mahali alipokaa Muini Amani akingoja.