Gari la Waya Halina Boksi

Waingereza ndio waliotangulia. Mwaka 1979 BBC ilianza kurusha kipindi cha televisheni cha Antiques Roadshow, watu wakipanga foleni na vyombo vya bibi zao ili mtaalamu awatajie bei. Wamarekani wakaja na Pawn Stars mwaka 2009, American Pickers 2010, na 2012 Toy Hunter, ambamo Jordan Hembrough alipekua magereji na stoo za watu akitafuta midoli ya kununua na kuuza tena. Utamu wa hivi vya Wamarekani uko kwenye kupatana bei. Midoli ya Star Wars ya kampuni ya Kenner, iliyoanza kuuzwa 1978, hupanda thamani sana ikiwa bado ndani ya boksi. Yaani bora ni ule ambao hakuna mtoto aliyeuchezea!

Kwa kipimo hicho Buswelu haina kitu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza. Mtoto wa Buswelu wa kabla ya hapo, mahali palipokuwa mashamba na malisho nje ya mji wa Mwanza, hakuoneshwa tangazo la mdoli wowote. Alijitengenezea. Waya uligongwa kwa jiwe hadi ukanyooka, ukakunjwa kuwa chasisi. Ndala iliyokatika ikatoa matairi manne. Usukani ukafungwa kwenye fimbo ndefu ili dereva akimbie wima nyuma ya gari lake. Fundi hodari alitia springi, gari likanesa kwenye makorongo. Wachungaji nao walifinyanga ng'ombe wa udongo, nundu kubwa kuliko kichwa, wakawaanika juani bila kuwachoma. Mvua ya kwanza iliondoka na zizi zima. Gari likichakaa, waya ulifumuliwa ukawa gari jingine.

Vya watu wazima ndivyo vilivyopata wanunuzi. Bujora, upande wa Kisesa, Padri David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, walishindana kwa ngoma baada ya mavuno, na aliyevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Hivyo wakachonga wanasesere wa mti wenye viungo vinavyochezeshwa. Baadhi yao leo wako kwenye makusanyo ya Ulaya, mara nyingi lebo ikitaja kabila tu, jina la mchongaji hakuna. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, naye alikusanya sanamu za udongo za kufundishia jandoni na unyagoni, akazitolea kitabu mwaka 1956.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu masalia ya kabla ya 1863, na milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940. Gari la waya la 1978, rika moja na midoli ya Kenner, kwa umri halifikii popote. Ila lina jambo moja ambalo Hembrough angelipenda: waliolitengeneza wengi bado wako hai, na ukiwapa koleo na waya wanaanza na chasisi bila kuuliza vipimo. Star TV, iliyo hapa hapa Mwanza, ikitaka kipindi cha namna hiyo haihitaji hata kutafuta stoo ya kupekua.