Umeme Katika Meli: Habari za Manowari Inflexible

Somo letu la historia leo ni juu ya umeme katika meli. Ninyi mlio bandarini Mombasa, Tanga na Dar es Salaam mtalifahamu upesi, lakini wengine pia sikilizeni. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno VOLTI. Umeme husukumwa ndani ya waya kama maji ndani ya bomba, na msukumo huo twaupima kwa volti.

Zamani meli zilikuwa na mishumaa na taa za mafuta, zenye moshi na hatari ya moto. Mwaka 1880 meli ya abiria ya Marekani, Columbia, ilitiwa taa za umeme za Bwana Thomas Edison. Watu walikiogopa kitu hiki kipya. Swichi ziliwekwa nje ya vyumba, ndani ya visanduku vyenye kufuli, hata abiria akitaka kulala ilimbidi amwite mtumishi wa meli aje amzimie taa!

Mwaka uliofuata Waingereza walimaliza kuunda manowari Inflexible. Mizinga yake minne ilikuwa na uzito wa tani 80 kila mmoja, na nahodha wake alikuwa John Fisher. Ndani yake mlikuwa na globu ndogo za Bwana Joseph Swan, na pia taa kubwa zenye mwanga mkali sana. Mtambo wa kuziwasha ulitoa volti 800.

Sasa fikiri, ndugu. Katika meli sakafu ni chuma, kuta ni chuma, ngazi ni chuma. Chuma hupitisha umeme, na maji ya chumvi vilevile. Jasho nalo lina chumvi, na ngozi iliyolowa huupitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi kavu. Mtu wa chumba cha mashine amelowa jasho, naye amesimama juu ya chuma. Akigusa waya uliochubuka, umeme huingia mkononi, hupita kifuani penye moyo, ukatokea miguuni.

Mwaka 1882 baharia mmoja wa Inflexible alipigwa na umeme akafa. Ndiye wa kwanza kufa hivyo katika wanamaji wa Uingereza. Baada ya hapo wakuu waliamuru manowari zao zitumie volti 80. Hesabu ile ya 800 ingaliweza kupunguzwa kabla, lakini haikupunguzwa ila baada ya maiti.

Wala msidhani kwamba volti 80 ni mchezo. Mtu aliyelowa aweza kuuawa hata na volti 50. Ndiyo sababu taa ya mkononi ya kuingia nayo ndani ya tangi la meli hufanywa ya volti 24, ingawa mashine za meli nyingi za leo hutumia volti 440.

Mafundi waligundua jambo jingine. Katika meli nyingi waya za umeme hutengwa kabisa na chuma cha meli, na kwenye ubao wa swichi huwekwa taa tatu za ulinzi. Zikiwaka sawasawa, ni vyema. Moja ikififia, fahamu kwamba waya mmoja umegusa chuma mahali fulani. Hapa ndipo penye hila: mashine huendelea kufanya kazi kama kawaida, basi mvivu husema, "Tutatazama kesho." Kumbe sasa chuma chote cha meli kimeunganishwa na waya ule, na mtu akigusa waya mwingine hupata msukumo wote.

Fundi anayetaka kutengeneza mashine huzima swichi kubwa, huondoa fyuzi, hutia kufuli, na ufunguo huuweka mfukoni mwake mwenyewe. Kisha hupima waya kwa kipimo, baada ya kukijaribu kipimo chenyewe penye umeme, maana kipimo kibovu husema uongo. Mwisho hutundika kibao.

Mwenzako akikamatwa na umeme, usimshike. Zima swichi kwanza. Isipowezekana, msukume kwa ubao mkavu. Akiwa hapumui, watu waliofundishwa humkandamiza kifua na kumpulizia pumzi. Njia ya kukandamiza kifua ilitangazwa Marekani mwaka 1960 na Bwana William Kouwenhoven na wenzake wawili. Yeye hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa ufundi wa umeme, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi umeme unavyousimamisha moyo.

Turudi kwenye kile kibao. Kimeandikwa: USIWASHE. WATU WANAFANYA KAZI. Mtu asiyejua kusoma huona kipande cha bati tu, na huenda akakiondoa ili aiwashe mashine yake. Sasa chukueni madaftari. Andikeni maneno hayo matatu ya mwisho mara tano, kisha kila mmoja amsomee jirani yake kibao chote kwa sauti.