Kodi ya maina yenye saba meja katika gitaa

Kodi ya maina yenye saba meja huundwa na noti nne: ya msingi, ya tatu ndogo, ya tano, na ya saba iliyo nusu toni tu chini ya oktava. Ikianzia A, noti hizo ni A, C, E na G-shapu. Mwanakwaya aliyezoea tonik solfa atazisikia kama la, do, mi na se. Mwanafunzi wa gitaa mara nyingi hupewa kodi hii kama umbo la vidole la kukariri, naye akiipiga peke yake hudhani amekosea. Njia bora ni kuifundisha kama hatua moja ya mteremko wa noti inayoshuka nusu toni kwa nusu toni. Ushahidi uko kwenye gitaa lenyewe. Shika A maina ya kawaida, kisha rudisha noti ya uzi wa 3 kutoka freti ya 2 hadi ya 1: A imekuwa G-shapu, na kodi imepatikana. Kidole cha kati kinabaki uzi wa 4, cha shahada kinalala juu ya nyuzi za 3 na 2. Ukiuachia uzi wa 3 ulie wazi, G inaingia, na sikio linaelewa ile G-shapu ilikuwa inaelekea wapi. Mtunzi Richard Rodgers alianzisha wimbo wa “My Funny Valentine” (1937) kwa mteremko huohuo, katika C maina.

Inaweza kupingwa kwamba kodi hii husimama peke yake pia. Bernard Herrmann aliitumia kutia hofu katika filamu ya Psycho (1960), na muziki wa James Bond wa filamu ya Dr. No (1962), uliopigwa gitaa na Vic Flick, huishia kwenye kodi ya jamii hii iliyoongezewa noti ya tisa. Ni kweli, lakini hofu hiyo inatokana na mwendo uliokatizwa: sikio linasubiri noti ya saba ipande au ishuke, nayo haiendi popote. Asiyeujua mteremko hasikii kilichozuiwa.

Wapo pia wasemao vidole vitangulie, sikio lifuate. Hapa vidole havina kazi kubwa, kwani ni noti moja tu inayohama. Kigumu ni kuuvumilia mgongano wa A na G-shapu. Katika umbo hili noti hizo zimeachana kwa nusu toni 11, huku E ikiwa katikati, kwa hiyo ukali umepungua. Umbo lilelile likisogezwa freti tatu juu, kidole cha shahada kikiziba freti ya 3, linatoa C maina yenye saba meja, na mteremko wa Rodgers unaweza kuanza kufanyiwa mazoezi.