Gari Lisilonguruma Lina Kelele

Gari la binamu yangu ni Toyota Aqua ya kijivu, aina ileile ambayo ukiita teksi pale Malindi kuna uwezekano mkubwa ndiyo utakayoletewa. Siku hiyo aliliegesha karibu na ukingo wa Nyari, lile korongo la Marafa ambalo watalii huliita Hell's Kitchen, akalizima, kisha akafungua redio iliyofungwa chini ya dashibodi. Nikasikia mzee akiongea Kiingereza cha polepole kutoka Nairobi, kama kilomita 400 kutoka tulipokaa. Hakuna bando, hakuna mlingoti wa simu katikati. Halafu binamu akabonyeza kitufe cha kuwasha gari. Injini haikutoa hata mguno, na ndivyo haibridi zilivyo. Lakini ndani ya spika yule mzee alimezwa na mvumo, kama mtu amepiga teke mzinga wa nyuki.

"Umeona?" binamu akaniambia. "Gari kimya, redio kichaa."

Nilidhani ni tatizo la magari ya kisasa. Kumbe ni ugomvi wa karibu miaka mia.

Mwaka 1930 Paul Galvin wa Chicago, aliyekuwa na kampuni ndogo iliyokaribia kufa, aliamua na wenzake kufunga redio ndani ya gari lake aina ya Studebaker. Taabu yao kubwa ilikuwa plagi. Injini ya petroli huwaka kwa cheche, na kila cheche ni mtambo mdogo wa kurusha mawimbi, kwa hiyo redio ikawa inasikiliza injini badala ya stesheni. Walihangaika na vizuizi vya umeme, moja baada ya kingine, mpaka kelele ikashuka. Galvin akaendesha gari hilo zaidi ya kilomita 1,000 hadi Atlantic City, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio. Meza ya maonyesho hakuwa nayo. Akaegesha nje, akafungulia sauti, akarudi nyumbani na oda. Redio hiyo ndiyo iliyoitwa Motorola, jina ambalo baadaye kampuni nzima ililichukua.

Kuna jambo jingine kwenye redio za wakati ule ambalo mimi hunifurahisha sana. Zilitumia vali za kioo, na vali zilidai volti mia na zaidi, ilhali betri ya gari ilikuwa ya volti 6 tu. Mafundi wakalazimika kubuni vifaa vya kupandisha umeme, na vyenyewe vikaleta kelele zao. Sasa tazama Aqua. Chini ya kiti cha nyuma kuna betri kubwa ya kuendeshea gari, yenye volti 144. Redio ya leo inataka 12 na kidogo. Babu zetu wa ufundi walihangaika kupandisha, sisi tunahangaika kushusha, na kelele iko palepale.

Huku kwetu redio za kuzungumzia ziliingia mikononi mwa wachache. Enzi za ukoloni mtu mwenye leseni ya redio ya ridhaa Kenya alijitambulisha hewani kwa alama iliyoanza na VQ4. Tanganyika ilikuwa VQ3, Uganda VQ5, Zanzibar VQ1. Herufi ya V ilikuwa chapa ya milki ya Mwingereza. Baada ya uhuru Kenya ikapata 5Z4, Uganda 5X5, Tanganyika 5H3. Bendera mpya na wimbo wa taifa tulifundishwa shuleni, lakini hii hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia: kwamba nchi ilibadilisha jina hata kule hewani.

Na kwa kuwa tumegusa uhuru, hebu nipotee njia kidogo. Tarehe 12 Desemba 1901 Marconi alidai kupokea ishara ya redio kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Tarehe 12 Desemba 1961 setilaiti ya kwanza ya watu wa redio ya ridhaa, OSCAR 1, ilirushwa kutoka California. Tarehe 12 Desemba 1963 tukapata uhuru. Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini pale Ngomeni, si mbali na Marafa, ilirushwa setilaiti ya kutafuta miali ya eksirei angani. Ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya siku yenyewe. Sina nadharia yoyote. Nafurahia tu.

Ukweli ni kwamba mambo ya Ngomeni yalikuwa ya wenye roketi. Redio iliyomfikia mwananchi wa vijijini ilikuwa ya polisi, ya misheni, au ya madaktari. AMREF, iliyoanzishwa 1957, ilijenga mtandao wa redio wa mawimbi mafupi ulioziunganisha zahanati za mbali na uwanja wa Wilson, Nairobi. Mama akishindwa kujifungua sehemu isiyo na barabara, kilichoita ndege ilikuwa sauti kwenye redio. Baadaye, mwaka 2000, Safaricom na KenCell wakaingia sokoni, na ndani ya miaka michache kila mtu akawa na simu mfukoni. Redio za mawimbi zikaanza kuonekana vitu vya wazee.

Binamu naye aliziona hivyo. Kilichomgeuza ni mvua za Novemba 2023. Mafuriko yalikata barabara ya Mombasa–Malindi pale Mbogolo. Yeye alikuwa amekwama upande wa Kilifi na abiria wake, na hawe wetu, bibi aliyetulea, alikuwa mgonjwa Marafa. Siku tatu simu ya nyumbani haikushika. Hawe alipona mwenyewe, akatucheka tulipofika na nyuso za matanga. Binamu hakucheka. Alianza kusoma, akafanya mtihani, akapata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na ile 5Z4 yake ameiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko cha dashibodi.

Kazi ya kufunga sasa. Haibridi ina nyaya za rangi ya chungwa. Hizo ndizo za volti kubwa, na fundi wetu ana kanuni moja tu kuhusu hizo: usizisogelee. Redio hula kwenye ile betri ndogo ya volti 12, ambayo kwenye Aqua nayo imefichwa nyuma, karibu na kiti, badala ya kuwa chini ya boneti. Ukirusha kwa wati 100 redio hunyonya karibu ampea 20, na betri hiyo haikutengenezwa kwa ulafi huo. Wiki ya kwanza binamu alipiga soga na watu wa Nairobi gari likiwa limezimwa, na alipotaka kuondoka Aqua ikakataa kuamka. Betri kubwa ilikuwa imejaa tele, lakini bila ile ndogo kompyuta ya gari haiwezi hata kufungua mlango wa kuuchukua umeme huo. Tulisukumwa na vijana wanaouzia wageni maji. Kusukuma hakuwashi haibridi. Tulisogea tu kivulini kusubiri mtu mwenye nyaya za kuchaji.

Sasa redio ina betri yake, ya lithiamu, kama zile za taa za sola, imefungwa kwa mkanda chini ya kiti cha mbele. Ina fyuzi kwenye waya wa chanya na kwenye wa hasi. Waya zimepitishwa ndani ya pete za feraiti, zile sumakusumaku nyeusi, na mguu wa antena umekwaruzwa rangi hadi bati ili ushike bodi vizuri. Antena nayo ni maafikiano. Kwa megahezi 7 ingefaa fimbo ya mita 10, na hakuna anayeingia Marafa na fimbo ya mita 10 juu ya gari. Yake ni ya mita mbili na koili katikati. Nguvu nyingi inaishia kuwa joto.

Mvumo umepungua, haujaisha. Gari likitembea bado anasikia inverta ikilia kila akikanyaga mafuta. Kwa hiyo akitaka kuongea na watu wa mbali anaegesha na kuzima kila kitu.

Ndivyo alivyofanya jioni ile. Alimsubiri yule mzee amalize, akaita, akataja alama yake na neno "mobile", kisha akatamka herufi za kwetu moja moja: Mike, Alpha, Romeo, Alpha, Foxtrot, Alpha. Kimya kidogo. Halafu mzee akarudi, sauti ikipanda na kushuka, akaachana na Kiingereza.

"Nakusikia, kijana wangu, hafifu lakini nakusikia. Hebu niambie, hiyo Marafa iko wapi?"