Kukubali si kuridhia: Safari ya Kiswahili ndani ya kompyuta

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba mjadala kuhusu programu za kompyuta ni wa wahandisi peke yao. Kwa maoni yao, sisi wa idara za Kiswahili tukae pembeni, tungoje kuletewa orodha ya maneno, tuyatafsiri, basi. Mimi napinga kauli hiyo, na historia ya Afrika Mashariki inaniunga mkono. Swali la nani huulizwa kabla ya programu kuundwa, na kwa lugha gani, limetugharimu zaidi ya mara moja.

Hebu tuanzie Tanzania. Mnamo 1974 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta kutoka nje. Siku hizi vijana wakisimuliwa kisa hiki hucheka, eti wazee waliogopa mashine. La hasha! Kabla ya hapo Wizara ya Fedha ilikuwa imejaribu kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta. Jaribio likavurugika, fedha nyingi zikapotea na hesabu zenyewe zikakosa kueleweka. Marufuku ilikuja baada ya hasara, na ilichukua miaka kabla ya kulegezwa. Naona serikali ilitibu dalili ikauacha ugonjwa. Kasoro haikuwa kwamba mashine ni mbaya. Mfumo ulioundwa kwingine, kwa mazoea ya kwingine, ulitwikwa ofisi ambayo haikuwa tayari kuubeba.

Miaka 30 baadaye ikafika zamu ya lugha. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya Uswidi, walianzisha mradi wa Kilinux. Mnamo Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, ambayo mtu yeyote aliweza kuipata bila malipo. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows na Office. Wapenzi wa lugha tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Kazi ile ilidhihirisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba istilahi za kompyuta bila kuchechemea.

Lakini ingia leo kwenye duka lolote la huduma za kompyuta hapa Kakamega, uangalie vioo vya mashine. Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Kwa nini? Wapo wanaolaumu istilahi. Husema watu walichoshwa na mabishano ya "tarakilishi" na "ngamizi", wakaamua kusema "kompyuta" na kwenda zao. Kuna ukweli humo, ila ni nusu tu ya ukweli. Neno geni halimkimbizi mtu akiwa na haja nalo. Tanzania ilipotumia vishikwambi kuhesabu watu katika sensa ya 2022, na baadaye vikagawiwa walimu, neno "kishikwambi" lilienea mitaani bila kampeni yoyote.

Nusu ya pili ya ukweli imo ndani ya programu zenyewe. Aghalabu tafsiri hufanywa wakati programu imekwisha kuundwa. Mfasiri hupewa jedwali la vipande vya sentensi, kila kipande peke yake, bila kuonyeshwa kitakaa wapi. Sasa tazama kinachotokea. Mwandishi wa programu wa Kiingereza huandika neno moja la kuarifu kwamba kitu kimefutwa, na neno hilo humtosha kwa faili, ujumbe, picha na hata mtu. Kiswahili hakiwezi hivyo. Faili limefutwa, ujumbe umefutwa, picha imefutwa, mtu amefutwa. Ngeli zetu zinadai upatanisho, na upatanisho unadai kwamba mwandishi wa programu afikirie Kiswahili tangu siku ya kwanza. Asipofanya hivyo, mfasiri hata awe bingwa vipi atatoa sentensi zinazokwaruza sikio. Mtumiaji naye akisoma mara mbili tatu, anarudi kwenye Kiingereza asichokielewa vizuri, kwa kuwa angalau hakimchekeshi.

Linganisha na M-Pesa. Majaribio yake yalianza 2005, na lengo la awali lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa madeni yao kwa simu. Waundaji wakawatazama watu walivyoitumia. Wakagundua kwamba wengine walikuwa wakitumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo halikuwa shabaha ya mradi. Wakaurekebisha mfumo, wakaurahisisha, na ulipozinduliwa Machi 2007 ulisimama juu ya tendo moja ambalo kila Mkenya mwenye mzazi kijijini alilijua: kutuma pesa nyumbani. Sikiliza msamiati wake: kutuma, kutoa, kuweka, salio, wakala. Hakuna kamati ya istilahi iliyoketi kuubuni. Ni maneno ya sokoni na stendi ya matatu, nayo yakaingia kwenye simu kwa sababu watu wenyewe waliingia kwenye mchakato wa kuunda.

Msomaji anaweza kuuliza: iwapo tulifaulu 2007, tatizo liko wapi tena? Tatizo ni kwamba tuliofuata nyuma tulijifunza nusu ya somo. Kampuni nyingi zilitambua kuwa jina la Kiswahili linauza. Kwa hiyo leo jina ni la Kiswahili, tangazo la redioni ni la Kiswahili, hata salamu ya kukukaribisha ni ya Kiswahili. Ukifika kwenye masharti, mara nyingi unakutana na kurasa za Kiingereza cha mawakili, na chini yake kitufe kimoja cha kukubali. Mama mboga anayetaka shilingi 1,000 za kununulia sukuma wiki alfajiri, unadhani atafanya nini? Atabonyeza.

Matokeo tumeyaona. Baadhi ya programu za mikopo zilidai ruhusa ya kusoma nambari zote zilizohifadhiwa kwenye simu ya mkopaji. Akichelewa kulipa, simu zinapigwa kwa mama mkwe, kwa mwalimu mkuu, kwa mchungaji. Aibu ikawa ndiyo dhamana ya mkopo. Malalamiko yalizidi hadi sheria ya Benki Kuu ya Kenya ikarekebishwa Desemba 2021 ili benki hiyo iwape leseni na kuwasimamia wakopeshaji wa kidijitali. Na utetezi wa wakopeshaji ulikuwa mwepesi: mteja alikubali.

Hapa ndipo mwanaisimu hawezi kunyamaza. Kiswahili kinatofautisha kukubali na kuridhia. Mtu anaweza kukubali kwa shingo upande, kwa njaa, au kwa kutojua. Kuridhia kunatokana na ridhaa, na ridhaa hubeba maana ya moyo kutulia baada ya jambo kueleweka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini iliyo wazi, ya hiari, na inayotokana na kupewa maelezo. Hiyo ni ridhaa. Kitufe kinachoning'inia chini ya maandishi asiyoyaelewa msomaji kinazalisha kukubali tu.

Watu wa Kakamega hawana udhuru wa kulichukulia jambo hili kama geni. Dhahabu iligunduliwa hapa 1931, na mamia ya Wazungu wakamiminika kuchimba. Mwaka mmoja tu kabla yake, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya kulinda ardhi ya wenyeji. Ilitamka kwamba kipande kikichukuliwa kwa matumizi ya umma, ardhi nyingine ya thamani sawa ingetolewa badala yake, na baraza la wenyeji lingeulizwa kwanza. Dhahabu ilipong'aa, sheria ikageuzwa. Marekebisho ya Desemba 1932 yaliruhusu ardhi itwaliwe kwa uchimbaji bila kuuliza baraza, na fidia iwe pesa badala ya ardhi. Jambo hilo lilizua kelele hadi bunge la London, lakini uchimbaji uliendelea. Jina la Rosterman, mtaa wetu wenye asili yake katika mgodi wa enzi hiyo, lipo hadi leo.

Sisemi kwamba mwandishi wa programu ni mkoloni. Wengi wao ni watoto wetu, wanafunzi wetu, na wana nia njema. Ninachosema ni kwamba namna ni ileile: mali ikigunduliwa, kuulizwa kwa mwenyewe huonekana ni kuchelewesha kazi. Wakati ule mali ilikuwa chini ya shamba. Leo imo mfukoni mwako, kwenye orodha ya watu unaowapigia.

Tufanyeje basi? Kwanza, idara za kompyuta na za Kiswahili katika vyuo vyetu zifundishe somo la pamoja, ambamo mwanafunzi hawezi kufuzu kabla programu yake haijaandikwa kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza, ngeli zikiwa timamu. Pili, kila programu ijaribiwe na mwendesha bodaboda na mama mboga kabla ya kuuzwa, na wao waeleze kwa maneno yao wenyewe wanakubali nini. Wakishindwa kueleza, masharti yaandikwe upya. Tatu, Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sioni sababu mkataba unaomfunga Mkenya usipatikane kwa lugha hiyo, kwa herufi zinazosomeka, kabla ya kitufe na wala si baada yake.

Haya hayahitaji mashine mpya wala wafadhili. Tunachohitaji ni kumuuliza mtu kwanza, kwa lugha anayoielewa, halafu tumpe nafasi ya kusema la.