Utunzaji wa nyasi baada ya kupiga dawa ya magugu (Rhonda, Nakuru)

Nyasi inayoonekana katika nyua za Rhonda, mtaa ulio magharibi mwa jiji la Nakuru karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, ni kikuyu (Cenchrus clandestinus), mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Utunzaji wake baada ya dawa hutegemea dawa iliyotumika. 2,4-D, inayouzwa tangu miaka ya 1940, huua magugu ya majani mapana na kuiacha nyasi ikisimama. Glaifoseti haichagui: ikiigusa kikuyu, nayo hufa.

Dawa zote mbili huingia kwa majani na kushuka mizizini. Kwa hiyo hupigwa asubuhi, umande ukishakauka na upepo haujaamka, kwa kuwa mvua ikinyesha kabla ya muda wa saa 6 kupita tangu kupigwa huweza kuziosha. Nyasi isifyekwe kwa siku 2 au 3. Gugu lililopata 2,4-D huanza kupinda baada ya siku moja au mbili, kikonyo chake kikijisokota kama mkia wa kinyonga, lakini huchukua wiki 2 au 3 kukauka. Wengi hawasubiri, hupiga tena na kuiunguza nyasi yenyewe. Ndago ni jambo jingine: viazi vyake vidogo vilivyo chini ya udongo hubaki hai na kuchipua, na jembe pamoja na subira ndiyo tiba yake.

Hatari kubwa iko kwenye majani yaliyofyekwa. Mtaani nyasi haitupwi: hutiwa guniani ikapelekewa mbuzi, kondoo au sungura, mara nyingi wa jirani ambaye hajui kuwa dawa ilipigwa. Ni lazima aambiwe. Siku za kusubiri kabla ya kulisha mifugo zimeandikwa kwenye lebo, na lebo ifuatwe hata kama muuzaji wa agroveti amesema vingine. Mafyeko ya mara 2 au 3 za kwanza yaachwe papo hapo, yasitandazwe kwenye mboga; nyanya hujikunja majani kwa chembe ndogo sana ya 2,4-D. Watoto wasicheze kwenye nyasi iliyopigwa mpaka dawa ikauke kabisa majanini.

Chupa ya dawa husuuzwa mara 3, maji yake yakarudishwa kwenye bomba la kupulizia na kupigwa juu ya nyasi ileile, kisha chupa hutobolewa ili isije ikatiwa maziwa au mafuta. Maji hayo yasimwagwe mtaroni. Mto Njoro huingia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo, lililoorodheshwa na Ramsar mwaka 1990, halina mto unaotoka: kinachoingia na maji hakina njia ya kwenda mbele.

Mabaka yaliyobaki wazi yazibwe mapema. Udongo wa hapa ni wa majivu ya volkano, mwepesi, na jua la Januari huugeuza vumbi. Jina lenyewe la Nakuru hufasiriwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la vumbi. Baada ya glaifoseti hungojwa kama wiki moja kabla ya kupanda. Baada ya 2,4-D, mbegu hungojwa karibu mwezi. Kikuyu hupandwa kwa vipande vya vishina vyenye vifundo 2 au 3, kifundo kimoja kikifukiwa na kukanyagwa kwa kisigino, vyema mvua ya Aprili ikishashika. Nje ya msimu humwagiliwa kila jioni mpaka jani jipya litokee.